Jinsi ya kusoma utabiri wiki ya dhoruba, kwa mlioko Midwest ya Marekani

Juni ndo imeanza na mko Minnesota au Iowa, wiki moja jua kali, radi na mvua ya mawe vyote humo humo, sasa achaneni na kale kapicha ka wingu kwenye simu maana hakasemi kitu. Ingia ramani ya Storm Prediction Center, kile kituo cha serikali ya Marekani cha kutabiri dhoruba, bure kabisa. Hatari inapanda kwa rangi: kijani kilichokolea, njano, chungwa, nyekundu, halafu pinki iliyoiva, hiyo ukiiona eneo lako ghairi safari. Ramani ya kesho ichukulie siriasi, ya siku ya sita ni fununu tu.

Dyu pointi, yaani kipimo cha unyevu hewani, ikivuka 65 Farenhaiti na hewa inanata, dhoruba ina mafuta ya kutosha.

Wakitoa "watch", yaani hali inaruhusu dhoruba kali kutokea, endelea na mambo yako ila simu iwe na chaji. "Tornado warning" ni kwamba kimbunga kimeonekana au rada imekinasa, zima jiko shuka besimenti hapo hapo, kama hakuna basi bafu la chini lisilo na dirisha. Na king'ora usikitegemee usiku, kile kimewekwa kwa ajili ya walio nje.