Kipoza joto kifupi cha prosesa: pima kasha kabla ya kufungua pochi

Namba ya kwanza kuitafuta ni kimo cha kipoza joto ambacho kasha la kompyuta yako linaruhusu. Mtengenezaji huitaja kwenye vipimo vyake: kasha la DAN A4-SFX ni milimita 48, la Fractal Design Node 202 ni 56. Kama vipimo hujavipata, laza kasha, ondoa mfuniko, tandaza rula moja juu ya kingo zake mbili, kisha simamisha nyingine kutoka kwenye bamba la chuma la prosesa mpaka iguse ile ya juu. Toa milimita 1 au 2 kwa ajili ya mkunjo wa mfuniko. Usianze kupimia kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Kimo cha kipoza joto huhesabiwa kuanzia juu ya prosesa, na ukianzia chini utajihesabia nafasi usiyokuwa nayo.

Hapa milimita moja inaamua. Kipoza joto cha ID-Cooling IS-55 kina 57, kwa hiyo haiingii kwenye Node 202. Thermalright AXP90-X47, yenye 47, inaingia DAN A4-SFX kwa kubanana. Noctua NH-L9i na NH-L9a zina 37 pamoja na feni, na kwa kuwa upana wake ni mdogo (L9i ni 95 kwa 95, L9a ni 114 kwa 92) hazigusi RAM. Wraith Stealth inayokuja kwenye boksi la prosesa ya AMD Ryzen 5 7600 ina 54, basi mwenye Node 202 aijaribu hiyo kwanza kabla ya kutoa hela.

Kuingia tu hakutoshi, feni nayo inahitaji kuvuta hewa. Mfuniko ukiwa bati zima lisilo na matundu, acha angalau milimita 10 juu ya feni, la sivyo itapiga kelele bila kupoza. Mfuniko ukiwa na matundu, kukaribiana ni faida kwa sababu feni inavuta hewa ya nje moja kwa moja, ingawa mlio unaweza kuongezeka. Tatizo linakuja pale ambapo matundu yapo lakini feni imekaa mbali nayo: inaanza kuzungusha hewa ileile iliyokwisha kupata moto ndani ya kasha. Dawa yake ni rahisi. Kata sponji laini umbo la fremu, uibandike kuzunguka feni mpaka iguse mfuniko, na hewa ya nje ndiyo itakayoingia.

Sasa wati, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kula hadi 88. Core i5-12400 ya Intel nayo imeandikwa 65, ila ikikaza mwendo inafika 117, na mazabodi nyingi huiachia ikae hapo muda mrefu. Kipoza joto cha milimita 37 hakiwezi kubeba wati 117 kwa dakika nyingi mfululizo; prosesa itagonga nyuzi 100 na kujipunguzia kasi. Kwa mzigo huo wa kudumu tafuta chenye feni ya milimita 120, mfano Noctua NH-L12S yenye kimo cha 70, kama kasha linaruhusu. Kama haliruhusu, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) uweke PL1 na PL2, yaani vikomo vya wati vya Intel, kwenye 65; kwa AMD, tumia Eco Mode (hali ya kubana umeme) au shusha PPT, kikomo chake cha wati. Kazi za ofisi na michezo mingi hutaona tofauti kubwa. Utakaposubiri zaidi ni wakati wa kuchakata video ndefu.

Ukisoma majaribio ya watu mtandaoni, angalia joto la chumba walichopimia. Kila nyuzi moja ya chumba huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa. Kipimo cha nyuzi 80 kilichochukuliwa kwenye chumba cha nyuzi 22 kitakuwa karibu 90 kwenye chumba cha nyuzi 32 kisicho na kiyoyozi, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam au Mombasa msimu wa joto.

Soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, isikupite. Kwa Intel, LGA1700 ina matundu ya kufungia kipoza joto yaliyoachana milimita 78, LGA1200 ni 75; bila vishikizo vya LGA1700, kipoza joto cha zamani hakifungi hapo. Kwa AMD, AM4 na AM5 zina matundu sawa, ila bamba la nyuma la AM5 halitoki. Ndiyo maana NH-L9a-AM4, inayotaka bamba lake yenyewe, haifai AM5; nunua NH-L9a-AM5. Vipoza joto vipana hufunika RAM, kwa hiyo chagua RAM isiyo na vazi refu la chuma, yenye kimo cha milimita 31 hivi.

Funga kila kitu mazabodi ikiwa nje ya kasha, maana vingi hukazwa kwa skrubu kutoka nyuma. Jaribu kwanza bila pesti (ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto) uone kama kinagusa kitu. Waya wa umeme wa prosesa wenye pini 8 upitishwe mapema; baadaye vidole havitafika. Futa uso wa prosesa kwa spiriti, weka tone la pesti la milimita 4 katikati, kisha kaza skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko kwa zamu. Ukikaza kona moja hadi mwisho, kipoza joto kinainama na pesti inakimbilia upande mmoja. Chomeka feni kwenye pini za mazabodi zilizoandikwa CPU_FAN na ufunge waya wake usije ukagusa mapanga.

Kisha endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, dakika 10 huku ukifuatilia joto kwenye HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na wati. Likiruka kufikia nyuzi 95 ndani ya sekunde chache ilhali wati ziko ndani ya kiwango ulichoweka, kipoza joto hakijagusana vizuri na prosesa: kifungue, angalia pesti ilivyotandaa, ufunge upya. Likipanda polepole hadi dakika ya 8 au 9, hewa ya kasha ndiyo yenye shida. Rudia jaribio mfuniko ukiwa wazi. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, usinunue kipoza joto kingine. Tafuta mfuniko wenye matundu au ongeza feni nyembamba ya kutoa hewa.