DPI mu labo: vile unaitumia bila ikudanganye

Kama unafanyia kazi Bukavu, kabla ya kugusa DPI (difenileneiodoniamu, dawa ya kuzima vimeng'enya) angalia kwanza chupa ya DMSO, maji ya kuiyeyushia. Ile kitu inaganda kwa digri 18.5, kwa hiyo asubuhi ya baridi unaikuta imekuwa ngumu ndani ya chupa na mutu anasema imeharibika. Haijaharibika, weka chupa mu maji ya uvuguvugu itayeyuka. Na uvae glavu, juu DMSO inapita mu ngozi na inaingia pamoja na dawa yenye iko ndani yake.

DPI inafunga NADPH oksidezi, vile vimeng'enya vyenye vinatengeneza superoksaidi, aina ya oksijeni kali. Kwa miligramu 10 weka mililita 3.18 za DMSO, unapata 10 mM. Gawanya palepale mu tyubu ndogondogo, funika na aluminiumu, peleka kwa -20. Kura inakatika ovyo hapa, na chupa moja kubwa yenye inaganda na kuyeyuka kila mara ni pesa unamwaga mu ziwa.

Siku ya kazi: mikrolita 1 kwa mililita 1 ya seli, hiyo ni 10 µM na DMSO inabaki 0.1%. Acha dakika 30 kwa digri 37, njo uweke PMA ya kuamsha neutrofili (seli nyeupe za damu) pamoja na NBT, rangi yenye superoksaidi inageuza bluu. Mikroskopu inatosha: neutrofili yenye inatoa superoksaidi inajaa vipunje vya bluu-nyeusi, yenye DPI imezima inabaki bila rangi, sawa na za mgonjwa wa granulomatosi sugu mwenye NOX2 yake (NADPH oksidezi ya neutrofili) haifanye kazi. Tyubu ya kulinganisha, ya PMA na DMSO tupu bila DPI, usiiruke, hata kama PMA iko karibu kuisha.

Sasa mtego wenyewe. DPI inashika flavini, kipande chenye kiko mu vimeng'enya vingi, na haichague, inapiga pia NOS (yenye inatengeneza nitriki oksaidi), zanthini oksidezi na kompleksi I ya mitokondria, basi bluu ikipotea usikimbilie kuandika NOX2. Seli iliyokufa nayo haitoe bluu, kwa hiyo hesabu kwanza na tripani bluu, rangi yenye inaingia tu mu seli zilizokufa. MTT, kipimo cha uhai chenye kinategemea mitokondria, hapana, juu DPI inavuruga mitokondria na itakuonyesha vifo vyenye havipo.

Wengine wanapenda aposinini, dawa ingine ya kuzima NADPH oksidezi, juu bei ni nafuu. Kwa neutrofili sawa, kimeng'enya chao mieloperoksidezi iko ya kuiamsha. Kwa seli za mishipa haiko, na kule inafagia tu oksijeni kali, haifunge kimeng'enya.