Unasomea ualimu wa somo chuo cha umma? Anza na daftari la makosa

Wengi tunaingia chuo cha ualimu na kiburi kidogo, mtu alifaulu Hesabu vizuri shuleni basi anajiona mwalimu wa Hesabu tayari, kilichobaki cheti tu. Afu siku unasimamishwa mbele ya wenzako ueleze kwa nini ukigawa 6 kwa nusu unapata 12, yaani kwa nini jibu linakuwa kubwa wakati umegawa, unaishia kusema "ndo ilivyo, geuza chini juu uzidishe". Mimi nilisema hivyohivyo na darasa zima likacheka.

Hicho kitu nilichokikosa kina jina kabisa kwa wataalamu, kwa Kiingereza "pedagogical content knowledge". Mmarekani Lee Shulman aliandika mwaka 1986 kwamba kuna ujuzi unaokaa katikati ya kulijua somo na kujua ualimu kwa ujumla: kujua somo lako linamkwamisha wapi mwanafunzi na ni mfano gani utamkwamua. Chuoni huo unakaa kwenye kipindi cha mbinu za kufundishia somo lako, kile ambacho watu wanakidharau kwa sababu notsi zake ni fupi, wanakesha na saikolojia na nadharia. Nisikilize, hicho ndo kipindi cha kukaa mbele.

Kabla ya hapo lakini, kama bado unaomba nafasi, angalia masomo mawili unayooanisha. Usichague kwa kufuata rafiki. Uliza kama mamlaka inayosajili walimu inautambua mchanganyiko huo, na kama shule kweli zinayafundisha hayo masomo, maana kuna watu wanamaliza na somo ambalo shuleni halina vipindi afu wanapewa kufundisha kitu hawakusomea.

Sasa daftari. Nunua moja usiliandikie kitu kingine. Kila mada unayosoma, usiandike tu ufafanuzi, andika mwanafunzi atakosea wapi na anafikiria nini anapokosea. Mfano 0.35 na 0.5 ipi kubwa? Wengi watasema 0.35 kwa sababu 35 inazidi 5, sio wajinga, wanatumia kanuni ya namba nzima ambayo imewafaa miaka yote. Wa Kiswahili ukikuta mtu kaandika "vitabu yangu" usikimbilie kumwekea alama nyekundu ya X, angalia kwanza kama anatumia "yangu" kwa ngeli zote, hapo unajua cha kufundisha ni upatanisho wenyewe sio hilo neno moja.

Biolojia ndo napenda zaidi. Muulize mtu yeyote, hata mwanachuo mwenzako, mti mkubwa unapata wapi uzito wake, atakwambia kwenye udongo. Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche kwenye chungu cha udongo aliokwisha kuupima, akawa anamwagilia maji tu kwa miaka 5, mti ukaongezeka kama kilo 74 na udongo ukapungua gramu 57 hivi. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Naye akakosea! Ukiondoa maji yaliyomo, sehemu kubwa ya uzito wa mmea inaanzia kwenye kabonidayoksaidi ya hewani, kwa usanisinuru. Hadithi hiyo ukiitoa darasani, mwanafunzi anaona hata mwanasayansi alipima vizuri akakosea kutafsiri, anaacha kuogopa kusema anachowaza. Andika hadithi za namna hii kwenye daftari, kila somo linazo.

Kuhusu kufundishana nyie kwa nyie, ile ya dakika tano mpaka kumi ambayo ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, usiichukulie kama igizo. Ilikusudiwa ufundishe kidogo, uonyeshwe ulipokosea, ufundishe tena. Hiyo ya pili ndo watu wanaruka. Mpe mwenzako simu akurekodi, afu hesabu umekaa sekunde ngapi baada ya kuuliza swali. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima madarasani akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu, na wakijizuia mpaka 3 majibu yanakuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi wanajaribu. Sekunde tatu za kimya jamani ni ndefu balaa, zifanyie mazoezi.

Chuo cha umma kina msongamano, vifaa vinagombaniwa na kitabu kizuri daima kimeazimwa. Tengenezeni kikundi cha watu wanne wa somo moja, kila mtu akamate mada yake awafundishe wengine, sio kusomeana notsi. Mkufunzi naye usimwendee na "sijaelewa", ana watu wengi mno. Mpelekee andalio la somo, yaani mpango wa kipindi chako, limeandikwa, muulize swali moja. Atakukumbuka.

Ukifika mazoezi ya kufundisha, kabla ya kugusa azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, muulize mwalimu wa darasa wanafunzi wamefika wapi kiukweli, sio karatasi inavyosema. Kwenye andalio usiandike "mwanafunzi aelewe sehemu", kuelewa utakuona kwa macho gani? Andika ajumlishe sehemu mbili zenye asili (namba ya chini) tofauti. Maandalio yawe tayari kila siku kwa sababu mtathmini anaweza kutokea bila hodi. Na wanafunzi wakikwambia 1/2 + 1/3 ni 2/5, usifute haraka, waombe wachore mkate na kuugawa kwa sehemu hizo, waone wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo hata kuliko ile nusu waliyoanza nayo.

Ukimaliza kusahihisha, kabla hujarudisha madaftari yao, kaa nusu saa uhamishe makosa yaliyojirudia kwenye daftari lako.