Picha ya kifalme kwa mkono wa Velázquez: kutoka turubai tupu hadi nakshi za fedha

Diego Velázquez aliajiriwa na Mfalme Felipe IV wa Hispania mwaka 1623, akabaki mchoraji wake hadi alipofariki 1660. Hapa tunafuata picha ya mfalme akiwa na mavazi ya kahawia yenye nakshi za fedha, ya mwanzoni mwa miaka ya 1630, iliyoko National Gallery, London. Ile ni ya mwili mzima, karibu mita 2 kwenda juu. Sisi tutachora kichwa na kifua tu, kwenye turubai ya sentimita 50 kwa 60.

Rangi za mafuta sita zinatosha: nyeupe ya titani, njano ya udongo, nyekundu ya kadimia, nyekundu ya alizarini, kahawia ya udongo na nyeusi ya mfupa. Velázquez alitumia nyeupe ya risasi, lakini ile ni sumu.

1. Msingi. Paka jeso (rangi nyeupe ya kutayarishia turubai) mara mbili, piga msasa laini. Kisha changanya nyeupe sehemu 4, kahawia sehemu 1 na nyeusi chembe, zimua kwa tapentaini, upake turubai nzima na uache ikauke kabisa. Ukianza juu ya weupe mtupu, kila rangi itaonekana nzito kuliko ilivyo, na uso utaishia kupauka.

2. Mchoro. Tumia brashi na kahawia nyepesi, si penseli. Kichwa kiwe sentimita 19 hivi, macho yakae katikati ya urefu wake. Kazi kubwa iko kwenye golilla, ile kola ngumu iliyoshika nafasi ya kola pana za marinda zilizopigwa marufuku 1623. Ni kama sinia lililobeba kichwa, kwa hiyo ukingo wake ni duara lililolala. Wengi huuchora mstari ulionyooka, na mfalme anaonekana amekatwa shingo.

3. Vivuli. Vipake vyembamba hadi msingi uchungulie. Rangi nene tunza kwa sehemu zenye mwanga.

4. Uso. Anza na njano na nyekundu ya kadimia, ndipo utie nyeupe kidogo kidogo. Titani ina nguvu. Ukianza nayo, ngozi inageuka chokaa. Kwa mpito kati ya mwanga na kivuli, changanya nyeusi na njano: utapata kijani kilichofifia kinachopoza shavu. Nyeusi peke yake huacha uso kama wenye masizi. Mashavu na midomo yapate alizarini kiasi cha ncha ya brashi. Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi laini kavu ukingoni mwa shavu, mara moja tu. Ukirudia inakuwa tope. Taya refu la Habsburg, ukoo wa mfalme huyu, usilipunguze, wala usimtabasamishe. Velázquez hakufanya hivyo, na utulivu ule ndio ufalme wenyewe.

5. Nakshi. Paka kwanza kitambaa cha kahawia cha nguo, usubiri kikauke, angalau wiki. Changanya kijivu cheupe, kizito kama siagi, kisha dondoa kwa ncha ya brashi: doa, mkwaruzo mfupi, doa. Usifuate uzi mmoja mmoja. Nguo itafanana na jamvi. Kwa karibu, sehemu hizi za Velázquez ni vurugu ya madoa tu. Rudi nyuma hatua tano na fedha inang'aa. Kwa hiyo kila baada ya madoa kumi, simama mbali utazame. Doa jeupe kabisa liwekwe mahali pawili au patatu tu.

6. Nyuma. Kijivu cha kahawia, chepesi, bila pambo. Ukitaka, futia brashi yako humohumo, kisha funika mikwaruzo hiyo juu juu. Mikwaruzo ya namna hiyo ipo katika picha zake kadhaa.

Vanishi isubiri miezi 6. Nyeusi ya mfupa hukauka polepole kuliko kahawia, na ukiiharakisha, nguo ndiyo itakayopasuka kwanza.