Somo: Kupata kimo cha kutosha unapogeuza dari kuwa chumba (nyumba za England)

Wapendwa, wengi mmeniuliza tulivyopata chumba cha darini, yaani kwenye nafasi iliyo chini ya paa, kwenye nyumba yetu ya mstari (nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu), ya matofali, iliyojengwa kabla ya 1914. Leo nazungumzia kimo tu, maana hapo ndipo pesa za watu zinapotea. Mtu anapanda juu, anaona anasimama wima, anashuka kwenda kuchagua rangi. Dari tupu bado si chumba.

Hatua ya 1: Pima
Panda na tochi na futikamba. Kanyaga boriti zenyewe, si katikati yake, usije ukatoboa dari ya chini. Pima toka juu ya boriti hadi chini ya ubao wa kileleni mwa paa. Mafundi wengi wa huku huanzia mita 2.2, chini ya hapo kazi inakuwa ngumu na ghali. Sisi tulipata 2.40.

Hatua ya 2: Toa vitakavyoingia
Boriti za zamani ziliwekwa zibebe dari ya chini, si vitanda na watu. Zetu zina kina cha sm 10. Mpya zina sm 20, zinalazwa kati ya zile za zamani na kuinuliwa sm 2.5 zisiguse lipu. Kwa hiyo zinazipita za zamani kwa sm 12.5. Ongeza mbao za sakafu, sm 2.2.

Juu nako, mbali na insulesheni (kizuizi cha joto na baridi) inayojazwa katikati ya mbao za paa, kuna tabaka jingine chini yake, sm 5, halafu jipsamu sm 1.25. Paa limelala, kwa hiyo ukipima wima unene huo unaongezeka: kwa mteremko wa nyuzi 40 unafika kama sm 8. Tukabaki na mita 2.17, tena kwenye mstari mmoja tu katikati ya chumba.

Hatua ya 3: Ngazi kabla ya chumba
Hapa naomba msome taratibu. Kanuni za ujenzi za England haziweki kimo cha chini kabisa cha chumba, ila cha ngazi zimekiweka: mita 2. Kwa chumba cha darini kisicho na nafasi, inakubalika mita 1.9 katikati ya ngazi, na pembeni ishuke hadi 1.8.

Fundi wetu wa kwanza alichora ngazi ikitokea upande ambao paa linashuka. Nilikata fimbo ya mita 1.9, nikaisimamisha pale mguu wa mwisho ungekanyaga. Ikagota kwenye mbao za paa ikiwa bado imeinama. Tukahamisha ngazi mpya juu ya ile ya zamani, itokee karibu na kilele. Chumba cha chini kilimegwa kidogo, na sijutii.

Hatua ya 4: Kama bado hapatoshi
Njia ya kawaida ni doma: sanduku linalotolewa kwenye mteremko wa nyuma, lenye kuta wima na paa bapa. Nyumba nyingi zinaruhusiwa bila kuomba kibali cha mipango, mradi nyongeza zote za paa zisizidi mita za ujazo 40 kwa nyumba ya mstari, au 50 kwa iliyojitenga au ya pacha (mbili zilizoshikana). Isipite kilele, na kwa kawaida irudi nyuma sm 20 toka ukingo wa paa. Fleti hazimo.

Njia nyingine ni kushusha dari ya vyumba vya chini. Hii inataka injinia, kwa sababu boriti zilezile ndizo zinazofunga kuta zisisukumwe nje na paa. Kuinua paa zima kunahitaji kibali, na kwenye mstari wa nyumba zinazolingana ni vigumu kukipata.

Boriti ikiingia kwenye ukuta wa pamoja, sheria ya kuta za pamoja ya 1996 (Party Wall etc. Act) inataka jirani apewe notisi ya maandishi miezi 2 kabla.

Maswali ya wanachama

*Dada, ahsante kwa somo. Nyumba yetu ni ya 1978, darini mbao zimepishana kama herufi W. Mume wangu anataka kuzikata apate nafasi.*
Mwambie aweke msumeno chini, mama. Hizo ni kenchi za kiwandani, kila kipande kinamshika mwenzake. Inawezekana kuzibadili, lakini injinia apige hesabu na boriti mpya ziingie kwanza, ndipo ukate. Tena paa za namna hiyo mara nyingi ni za chini, kwa hiyo pima kabla hujamlipa mtu.

*Mimi ni mrefu, futi 6 na inchi 2. Bafu niliweke wapi?*
Sehemu ya kuoga iwe chini ya kilele au ndani ya doma. Choo kinaweza kusogea kwenye mteremko, ila pima pale unaposimama mbele yake. Kitanda na makabati yapelekeni pembeni.

*Shikamoo dada. Niko Mombasa, paa la mabati. Hesabu ni hiyohiyo?*
Marahaba mdogo wangu. Kupima ni vilevile, ila kwako adui ni joto. Usiibe sentimita za insulesheni, na acha upenyo wa hewa chini ya bati, wenye matundu chini na kileleni. Na feni iwe ya ukutani. Ya dari itaning'inia palepale unapopitisha kichwa.