Kumsomea mtoto vitabu vya Idi bila kumboa

Usingoje sikukuu ifike ndo uanze kutafuta kitabu. Anza wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, na chukua chenye picha kubwa maneno machache, maana mtoto wa miaka 4 hakai. Ukifika ukurasa wa mwezi kuandama simama hapo hapo, mtoe nje mkautafute, atauliza mbona mwaka jana Idi ilikuwa tarehe nyingine, mwambie mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11. Idi kubwa (ile ya kuchinja) mi naanza na nyama kugawiwa majirani, kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe nakiacha mpaka mtoto akue kidogo. Kitabu kikiwa cha Kiingereza we simulia tu kwa Kiswahili, na sahani ya kaimati pembeni (vidole vyenye shira mbali na kurasa lakini!).