Baiskeli mpya, gia inagoma: anza na waya kabla hujamwita fundi

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nimeitoa Kariakoo, mauntenibaiki ya gia 21, tatu mbele saba nyuma, naipandisha vilima vya Goba kama sina akili. Wiki ya tatu hivi nikaanza kusikia kra kra kra huko nyuma, nabonyeza gia haiingii, nikishasahau ndo inaingia yenyewe kwa kishindo, mguu unakanyaga hewa, nusura nile mweleka mbele ya bodaboda. Nikajisemea hapa nimeuziwa kimeo.

Kumbe wala. Waya mpya wa gia ukishaanza kuvutwa kila siku, ganda lake linajibana na kukaa sawa mahali pake, basi waya unalegea kidogo. Kidogo tu, hata kwa macho huoni. Ila hizi gia za klik kila klik inavuta waya kipimo kile kile, kwa hiyo waya ukilegea cheni haifiki kwenye sproketi (lile gurudumu la meno) uliyoiomba, inabaki inasuguana katikati ya mbili, na hiyo ndo kelele yenyewe.

Elewa kitu kimoja kabla hujashika spana. Nyuma, namba 1 ni sproketi kubwa kabisa iliyo karibu na spoki, namba 7 ndo ndogo ya nje. Waya ukivutwa unapandisha cheni kwenda kwenye kubwa, ukiachiwa springi inairudisha kwenye ndogo. Basi. Kama cheni inasuasua kwenda kwenye sproketi kubwa, waya umelegea, na kwa baiskeli mpya mara nyingi ni hili. Kama inapanda fresh ila inagoma kushuka kwenda ndogo, waya umekaza sana au una kutu au umekunjika mahali.

Sasa kosa langu. Nilimpelekea fundi mmoja wa chini ya mwembe, akaangalia sekunde tatu, akachomoa bisibisi akaanza kuzungusha zile skrubu mbili ndogo zilizoandikwa H na L. "Braza hapa ndo pa kuseti gia." Nikakubali, nani abishane na fundi. Kesho yake naweka namba 1, cheni ikavuka sproketi ikadumbukia kwenye spoki, nikarudi home nasukuma. Zile skrubu hazisetishi gia jamani, zile ni kama geti, H inazuia cheni isianguke upande wa sproketi ndogo na L isiingie kwenye spoki. Kama cheni haidondoki pembeni, usiziguse.

Cha kugusa ni kile kidude cha kuzungusha kwa mkono pale waya unapoingilia kwenye mashine ya nyuma inayohamisha cheni, na baiskeli nyingi zina kingine kwenye usukani. Pindua baiskeli au mwambie dogo anyanyue siti, weka mbele gia ya kati, nyuma namba 7, zungusha pedeli kwa mkono. Bonyeza klik moja kwenda 6. Haikupanda? Zungusha kidude robo mzunguko kwa upande wa kufungua, kama unafungua chupa ya maji. Najua inachanganya, unafungua halafu waya ndo unakaza, ila ndivyo kilivyo. Rudi 7, jaribu tena, robo nyingine, usiwe na pupa. Ukizidisha utasikia cheni inakwaruza sproketi kubwa ya jirani, basi rudisha kidogo. Ikishaingia 6 bila kelele panda zote mpaka 1 na ushuke, mimi ilinichukua dakika kumi na mikono ikajaa grisi.

Kama umezungusha mpaka kidude kinataka kuchomoka na waya bado unaning'inia, kirudishe ndani chote, weka gia 7, legeza ile nati inayobana waya, vuta waya kwa plaizi, kaza, halafu anza upya.

Na kama gia za juu zinakubali ila za chini zinagoma, ukizirekebisha hizo zile zingine zinaharibika, simama nyuma ya baiskeli uangalie. Vile vigurudumu viwili vidogo vya mashine ya nyuma, ambavyo cheni inapitia, vinatakiwa vikae wima sambamba na sproketi. Vikiwa vimeinamia kwenye spoki, kile kipande kinachoshikilia mashine kwenye fremu kimepinda. Inatokea hata baiskeli ikiwa mpya, maboksi yanatupwatupwa, au iliangukia upande wa cheni ukaona haijaumia. Hapo waya hausaidii, tafuta fundi mwenye kifaa cha kunyooshea, sio wa nyundo.

Gia za mbele ni mantiki ile ile, ila mbele 3 (huku mbele 3 ndo kubwa, ya nje) na nyuma 1 kwa pamoja usiweke, cheni inakaa mshazari na itakwaruza hata kama kila kitu kimesetiwa.

Na kelele nyingine tunazitafuta wenyewe. Mtu yuko katikati ya mlima, amesimama kwenye pedeli anakanyaga kwa uzito wote, ndo anakumbuka kubadilisha gia. Cheni iliyobanwa hivyo inahama vipi? Badilisha bado uko tambarare, miguu inazunguka kilaini, ukichelewa legeza kukanyaga nusu mzunguko ndo ubonyeze.